Ndama Mmoja, Mama Wawili

Kama wiki iliyopita gazeti lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, hukukosa mengi. Nimemaliza chuo cha mifugo, nimerudi nyumbani na cheti, na Baba amenikabidhi ng'ombe wake kumi na tisa wa nyama niwachague. Majani yanatosha kumi na watatu. Sita lazima waondoke. Niliishia pale nilipoteleza kwenye josho mbele ya kikundi kizima cha wafugaji, nikazama mpaka masikioni, nikanuka dawa ya kupe siku tatu.

Najua mlicheka. Hata mimi nilicheka.

Leo mtacheka nusu, halafu mtaacha, maana leo naungama. Nimelibeba jambo hili miezi saba na limeniota kama kijipu pasipoonekana. Nikae mkao wowote, linauma.

Nianze na kitabu.

Siku niliyorudi nilimletea Baba kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Nikamwambia, "Kuanzia leo, Baba, ng'ombe habaki hapa kwa kupendwa. Anabaki kwa kazi."

"Kazi gani? Hawa hawalimi."

"Ng'ombe jike ana kazi moja. Azae kila mwaka, na alee alichozaa. Akikosa miaka miwili mfululizo, kwaheri."

"Hata akiwa mzuri?"

"Uzuri haupimwi kwenye mizani."

Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Maneno yale aliyatembeza kwa majirani wiki nzima, kila mlango, "binti yangu kasema hivi, binti yangu kasema vile." Kichwa kikanivimba. Nikaongeza sharti la pili, la kujitia kitanzi mwenyewe: kitabu kitaandikwa kwa wino, na hakitafutwa.

"Kikifutwa mara moja tu," nikasema, pua juu, "si kitabu tena. Ni hadithi."

Shangazi alikuwa pale pale, anakunja nguo. Akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea kukunja.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Anakaa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama zizi na malisho. Alirudishwa na mumewe miaka mitano iliyopita kwa sababu hakumzalia, na neno walilomrudishia mnalijua, sina haja ya kuliandika mara mbili. Alikuja na sanduku moja na mtamba mmoja mwekundu. Yule mtamba akawa ng'ombe, akaitwa Sikuombi. Mali yote ya Shangazi ilikuwa hiyo, inalala katikati ya ng'ombe wa Baba.

Na Sikuombi mwaka uliopita alizaa mfu. Kwa kanuni yangu, alikuwa amebakiza nafasi moja.

Sasa ile asubuhi.

Msimu wa kuzaa nilitakiwa niwe malishoni kabla jua halijatoka. Ndama anavishwa hereni ya namba siku ileile, na namba yake inaandikwa mbele ya jina la mama yake. Ukichelewa ndama wanachanganyika, na kitabu kinakuwa bahati nasibu. Hilo nililifundisha mimi, kwa mdomo huu.

Asubuhi hiyo, jamani, rafiki yangu wa chuo akapiga simu. Kachumbiwa. Na nani? Na yule mkufunzi wa malisho, mwenye miwani, tuliyekuwa tunamwita Nyasi. Hebu semeni ukweli wenu, simu kama hiyo unaikata?

Mimi sikuikata. Nililala chali saa nzima na nusu. "Akasema nini? Wewe ukamjibu nini? Alipiga magoti au alisimama?" Nilipofika malishoni jua lilikuwa limeshakausha umande.

Nikamkuta Waziri. Huyu ni ng'ombe wa Baba, kipenzi chake, mweusi mwenye baka jeupe usoni. Tulimwita Waziri kwa sababu hutangulia mbele na wenzake humfuata bila kujua wanakwenda wapi. Alikuwa anamlamba ndama jike, mwekundu mtupu, bado ana unyevu.

Hatua kumi pembeni alisimama Sikuombi. Analia ile sauti ya chini, ya kumwita mtoto. Akisogea, Waziri anainamisha pembe. Akirudi nyuma, analia tena.

Nikatazama nyuma ya Waziri: kondo la nyuma linaning'inia. Nikatazama nyuma ya Sikuombi: kondo la nyuma linaning'inia.

Ng'ombe wawili wamezaa. Ndama mmoja.

Hili tulilisoma darasani. Ng'ombe mbabe akimpoteza wake, anaweza kumpora mnyonge ndama aliyetoka tumboni sasa hivi. Lilikuja hata kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

Kichwa kikaniambia: usiandike kitu, katafute ndama wa pili. Masikio yakaniambia: Baba huyo anakuja na wageni.

"Nani kazaa?" Baba akauliza toka mbali. Alikuwa na majirani wawili, na uso umemjaa furaha.

"Waziri," nikasema.

Ulimi hauna mfupa.

"Jike?"

"Jike."

"Si niliwaambia?" Baba akawageukia wenzake. "Huyu ng'ombe hajawahi kuniangusha. Na huyu wa dada?"

"Wake bado... bado namtafuta."

"Mvishe huyo hereni kwanza. Wageni waone kazi."

Nikamvisha. Namba thelathini na moja. Nikaandika kwa wino, mbele ya jina la Waziri, majirani wananiangalia mkono kana kwamba natoa jino. Baba akanisifu. Akanisifu tena. Nikasahau kabisa kwamba nilichelewa.

Saa nne akaja Kimya, mchunga wetu. Jina hilo kalipata kihalali. Maneno yake ya mwezi mzima unaweza kuyashika kwenye kiganja.

"Wa pili nimempata," akasema. "Kwenye majani marefu, karibu na uzio. Amekufa. Mweusi. Ana baka jeupe usoni."

Tukatazamana.

"Nimzike?"

"Mzike."

"Na kitabu?"

"Kitabu niachie mimi."

Akachukua jembe akaenda. Na mimi nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kitabu mapajani. Ningeweza kumfuata Baba nikamwambia, "Nimekosea, nilichelewa kwa sababu ya umbea." Ingekuwa aibu ya siku mbili. Lakini Baba alikuwa bado anasikika upande wa pili wa nyumba, anawaambia wale majirani kwamba kila mwenye ng'ombe angekuwa na binti kama mimi, pasingekuwa na njaa duniani.

Nikafungua ukurasa wa Sikuombi. Nikaandika: Amezaa mfu. Mwaka wa pili.

Kosa lilikuwa la kuchelewa, na kila mtu huchelewa. Uongo ulikuwa maneno matano, na hayo niliyaandika kwa mwandiko mzuri.

Siku nne kiwele cha Sikuombi kilijaa mpaka kikang'aa. Shangazi alikuwa anachuchumaa pale zizini, anamkamua dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, anayamwaga chini ili kiwele kisivimbe.

"Si ungewapa paka, Shangazi?"

"Haya yana mwenyewe," akasema. Hakunitazama.

Mimi nikajua anamsema ndama aliyezikwa. Nikaenda zangu.

Miezi ikapita. Thelathini na Moja akanyonya, akakua, akawa mtamba wa kuombewa picha. Mgongo umenyooka, nyonga pana, miguu imekaa sawa, mpole. Tulipomwachisha ziwa alikuwa mzito kuliko wenzake wote. Nikamweka wa kwanza kwenye orodha ya mitamba itakayobaki kuzalisha kundi la kesho. Na kila sifa yake ilikwenda kwa mama. Mama gani? Waziri.

Sikuombi naye, hana wa kunyonyesha, akanenepa.

Hapo ndipo ikafika Jumamosi iliyopita.

Baba hakuridhika kuchagua kimyakimya. Aliwaita wafugaji wote wanane wa kikundi, akapanga mabenchi, akamwita na Bucha na lori lake. Bucha ndiye anayetununulia ng'ombe wa kuchinja, mtu mnene, mpole, huwasalimia ng'ombe kwanza ndipo awapandishe. Ng'ombe wanapita mmoja mmoja kwenye kile kipito cha mbao kinachowabana, mimi nasoma kitabu, nasema abaki au aende.

Nilikuwa moto. Naungama hilo nalo. Nilijua kinachokuja mbele, na bado nilikuwa moto.

"Huyu chuchu zake kama chupa. Ndama hazishiki, kila mwaka tunamnyonyesha kwa mkono. Aende."

"Aende," wakaitikia.

"Huyu anazaa vizuri, lakini kila akizaa anamrusha mtu juu ya uzio."

"Mwaka huu alinirusha mimi," Baba akasema.

"Mwaka jana mimi," akasema jirani yetu wa mashariki, mzee mmoja mwenye mdomo usiofungwa. "Nilitua kwangu bila kupita mlangoni."

"Ukali unarithiwa. Aende."

"Binti," Jirani akauliza, "ungekuwa unachagua wanaume hivi, hapa tungebaki wangapi?"

"Wawili."

"Na wewe si mmoja wao," mwenzake akamwambia, akamgonga bega.

Wakacheka. Akaingia Waziri. Nikasoma: miaka sita ya kuzaa, ndama sita, na mtamba bora wa mwaka huu ni wake. Wakapiga makofi. Baba alijifanya anaangalia mawingu.

Kisha akaingia Sikuombi, ananing'inia mafuta, manyoya yanameremeta.

"Huyu mbona kanona hivi?" Jirani akauliza.

"Asiyenyonyesha hunona," Bucha akajibu.

"Sema tu ng'ombe tasa," Jirani akasema. "Ndivyo walivyo. Wanapendeza, lakini nyumba haijai."

Hakukusudia. Nadhani hakukusudia. Lakini Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake na jagi, anamimina maji kwenye kikombe cha mgeni. Kikombe kikajaa. Akaendelea kumimina. Yakafurika, yakashuka kwenye kidole cha mgeni, kwenye goti, na mgeni hakuthubutu kusogeza mguu.

"Soma, mwanangu," Baba akasema.

Nikasoma. "Mwaka jana, amezaa mfu. Mwaka huu, amezaa mfu."

"Kwa hiyo?"

Sauti yangu ikatoka ndogo. "Aende."

Safari hii hakuitikia mtu.

"Dada, umesikia," Baba akasema. "Si mimi. Ni kitabu. Kitabu hakina ndugu."

"Nimesikia, mdogo wangu," Shangazi akasema. Akaweka jagi chini, akaenda ndani.

Sikuombi akapandishwa wa kwanza. Alipanda mwenyewe, hata fimbo haikutumika.

Baba akatangaza watu wapumzike wanywe chai kabla ya kuendelea. Nikamfuata Shangazi. Nikamkuta kwenye ile stoo ya kamba na chumvi ya ng'ombe, anazungusha kamba mpya mkononi, taratibu, kama anayesokota nywele za mtoto.

"Shangazi, nina neno."

"Una chai? Kanywe chai."

"Yule ndama. Thelathini na Moja. Si wa Waziri."

"Najua."

"Unajua toka lini?"

"Toka alipotoa kwato za mbele." Akaketi juu ya gunia. "Dirisha langu linatazama wapi? Nilimwona anahangaika, nikatoka. Nimemwona anazaa, nimemwona mtoto anasimama. Nikarudi kuchukua dawa ya kitovu. Narudi, Waziri keshamchukua. Nikachukua fimbo nimtenge, akanisukuma na pembe nikaanguka. Nikasema, basi, msomi wetu anakuja sasa hivi, yeye atajua. Nikarudi ndani kufunga goti."

"Sikuja."

"Ulikuja. Ulichelewa."

"Nilikuwa kwenye simu."

"Nilikusikia. Ukuta ule ni mwembamba. Alipiga magoti au alisimama?"

Nilianza kulia. Siwezi kuwadanganya, nililia vibaya, na kamasi juu.

"Kwa nini hukusema, Shangazi? Miezi saba."

"Nimwambie nani? Wewe una kitabu, mimi nina mdomo. Na mdomo wangu katika nyumba hii una uzito gani?" Akanipa ncha ya khanga yake nijifute. "Halafu nikakuona pale malishoni. Baba yako hajapata kumsifu mtu maisha yake yote. Hata mimi niliyembeba mgongoni hajawahi kuniambia asante. Siku ile alikusifu mara nne. Nilihesabu. Nikasema, ng'ombe atazaa mwingine."

"Lakini sasa anachinjwa."

Kamba ikasimama mkononi.

"Nakwenda kusema," nikamwambia.

"Hutasema. Ukisema, kesho hakuna mfugaji atakayekupa hata kuku umpime. Umesoma miaka mitatu. Kaa kimya uolewe na kazi yako."

"Nakwenda."

"Mwanangu, nimekwambia kaa."

Nikatoka mbio. Kwenye mabenchi chai ilikuwa inaisha, Bucha anaangalia saa, Jirani anaeleza jinsi alivyotua kwake bila kupita mlangoni, mara ya tatu. Nikapanda juu ya benchi ili wote wanione.

"Baba. Kuna kosa kwenye kitabu."

Bucha akaacha kuangalia saa.

"Kosa la nani?" Baba akauliza.

Nikavuta pumzi. Na kabla sijaitoa, sauti nyuma yangu ikasema:

"La kwangu."

Shangazi amesimama, mikono mbele, kama aliyeitwa shuleni kwa ajili ya mtoto mtundu.

"Waziri wako ndiye aliyezaa mfu, mdogo wangu. Mimi niliamka mapema nikaona. Nikajua utaumia, unavyompenda yule ng'ombe. Nikamchukua ndama wa Sikuombi, nikampaka maji ya uzazi ya Waziri, nikampa. Binti yako alipofika akaandika alichokiona. Yeye hana kosa. Yule mtamba wenu mzuri ni wa ng'ombe wangu."

Nyie, sikuwahi kujua Shangazi anaweza kusema uongo mrefu namna ile bila kumeza mate.

Baba hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alitazama wale wafugaji wanane, mmoja mmoja, watu aliowaita yeye, waliompigia makofi yeye kwa ajili ya ng'ombe aliyezaa maiti. Kuna mmoja alijikohoza. Mwingine alitabasamu ndani ya kikombe, na Baba akaliona tabasamu.

"Kwa hiyo miezi saba," akasema, "nimekuwa kichekesho katika zizi langu mwenyewe. Na aliyenifanya hivyo anakula mezani kwangu."

"Sikukusudia."

"Ng'ombe wako hana kosa. Ashuke." Akamgeukia Bucha. "Mshushe. Nafasi yake panda wewe, dada. Bucha atakufikisha mjini kwanza, ng'ombe atarudi kuwachukua."

Sikuelewa mara moja. Nadhani hakuna aliyeelewa, mpaka Shangazi alipogeuka kwenda chumbani kwake.

"Baba, si yeye," nikasema. "Anadanganya. Ni mimi. Nilichelewa, nilikuwa naongea na simu, nikakuta ndama kwa Waziri nikaogopa kukwambia sijui. Halafu ndama mfu akapatikana ana baka jeupe, nikajua kabisa, na nikaandika uongo. Ni mimi, Baba."

Baba akanitazama. Kisha, mtaniamini, akacheka. Akaniwekea mkono begani.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mnaona moyo wa mtoto huyu? Anambebea shangazi yake mzigo."

"Huyo ana utu," Jirani akasema, na machozi yamemlengalenga kweli. "Wasomi wengine wangenyamaza."

"Simbebei mtu. Muulizeni Kimya. Kimya alimzika yule ndama."

Kimya alikuwa anamshusha Sikuombi kwenye ubao wa lori. Akasimama.

"Kimya," Baba akamwita. "Ni kweli?"

Kimya akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayepima chumvi.

"Nilizika ndama mweusi mwenye baka jeupe," akasema. "Binti aliniambia nimzike. Nani alimpeleka yule mwingine kwa Waziri, sikuona."

Kila neno kweli. Na kila neno likaenda kumsaidia Shangazi kudanganya.

"Imetosha," Baba akasema. "Shuka kwenye benchi, mwanangu. Ng'ombe wako wamekungoja."

"Na Jumatatu uje kwangu," mfugaji mmoja akadakia. "Nina kumi na mmoja wa kuchaguliwa. Mtu mkweli kama wewe hapatikani."

Mtu mkweli. Nilisimama pale na wino wangu, naheshimiwa zaidi kuliko nilivyoamka, na shangazi yangu anatoka chumba cha nyuma amejitwisha sanduku. Hakuchukua hata dakika tano. Akamshika Sikuombi shingoni, akamwambia kitu sikioni, akampa Kimya ile kamba mpya. Akapanda mbele, karibu na kiti cha dereva. Bucha akakaa kwenye usukani, amejiinamia kama anayesindikiza maiti.

Injini ikawaka.

Sijui nilifikaje getini. Najua nilikuwa hapo kabla ya lori, mikono nimeitanua, kitabu kimedondoka njiani huko.

Lori likasimama kiasi cha pua yangu kusikia joto la injini. Bucha akateremka akanijia.

"Binti, toka."

"Sitoki. Nimewaambia ukweli hawataki. Basi nikanyage."

"Mimi huwa sikanyagi watu," Bucha akasema kwa upole. Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Nikwambie kitu. Nilipofika alfajiri nilikwenda uani kunawa mikono. Mlango wa shangazi yako ulikuwa wazi. Lile sanduku lilikuwa limeshafungwa kamba."

"Alfajiri?"

"Alfajiri. Kabla hujasoma hata ng'ombe mmoja."

Nikampita, nikaenda dirishani kwa Shangazi. Kioo kilikuwa kimeshushwa nusu.

"Ulikuwa umeshafunga sanduku," nikamwambia.

"Kuna mama mjini ana duka la kushona," akasema, anaangalia mbele. "Ameniita toka mwaka jana. Nimemkatalia mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ya ng'ombe, mara ya pili kwa sababu yako. Mtu aliyerudishwa akiondoka mwenyewe, mwanangu, wanasema hakushukuru. Akifukuzwa, hakuna wa kumdai neno. Miaka mitano nimengoja baba yako aniambie nipande gari. Leo kaniambia, na nimemwachia mtamba bora. Sasa toka njiani, nitachelewa."

"Unasema kweli, au unanifutia kosa mara ya pili?"

Akanigeukia. Nikayatafuta macho yake, nikayatafuta kama nilivyopaswa kutafuta majani marefu asubuhi ile. Yalikuwa makavu. Lakini Shangazi aliyesema uongo mbele ya watu wanane bila kumeza mate, macho makavu yatamshinda?

"Ukijua, itakusaidia nini?" akasema. Akapandisha kioo.

Bucha akarudi kwenye usukani. Honi ikalia, ndefu.

Nikarudi mbele ya lori nikasimama pale pale. Nyuma ya lori nikasikia viatu vya Baba vinakuja juu ya kokoto, haraka, peke yake, na safari hii hakuwa anacheka.